Shangazi, kikundi si kumwanika mama?

*Shangazi, huu ni mwaka wa tatu namuuguza mama yangu mwenye dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na fahamu za mambo. Silali, na ndugu zangu kazi yao ni kupiga simu tu. Muuguzi ameniambia nijiunge na kikundi cha wanaouguza wagonjwa kama huyu. Naona ni kumwanika mama mbele za watu. Na nikienda, nani atabaki naye? – Binti Mchovu*

Mwanangu, pole. Kumsitiri mama ni wema, na kikundi kizuri hakitakudai siri zake. Unachopeleka pale ni mzigo wako: kukesha, siku ulipomfokea kisha ukajifungia kulia. Siku ya kwanza taja jina tu, usikilize. Ukisema "leo sina la kusema", inatosha.

Faida yake iko katika mambo madogo. Daktari atakuambia mama aogeshwe, hatakuambia namna. Mwenzako kikundini aliyemwogesha baba yake miaka minne atakuambia usimuulize kama anataka kuoga, maana atakataa; mwambie maji yako tayari. Mfunike mabega kwa taulo, anza na miguu, kichwa kiwe mwisho, kwani maji ya kichwani huwatisha wengi. Atakuambia uwashe taa kabla giza halijaingia, kwa sababu vivuli vya jioni humchanganya mgonjwa, akaanza kudai arudi nyumbani ilhali yuko nyumbani. Naye pia aliwahi kufoka. Ukilisikia hilo kinywani mwa mwingine, ile aibu inapungua.

Kabla ya kwenda, zungumza na kiongozi. Muulize wako wangapi, na kama wamekubaliana kuwa yasemwayo hayatoki nje. Watu 6 hadi 10 kwa saa moja na nusu wanatosha. Wakizidi sana, wapole hawapati zamu, na wewe nakuona mpole. Kikundi huharibika mmoja anapomeza muda wote, au watu wanaposhindana nani kaumia zaidi. Kiongozi akianza kuuza dawa ya kuponya dimensia, ondoka siku hiyohiyo. Ugonjwa wa Alzheimer, ulio chanzo kikubwa cha dimensia, bado hauna dawa ya kuuponya.

Huenda ukarudi mara ya kwanza ukiwa mzito kuliko ulivyokwenda, maana uliyoyafukia yamefukuliwa. Nenda mara tatu ndipo uamue. Lakini likikujia wazo la kutotaka kuishi, au la kumdhuru mama, usingoje kikao: mwone mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Kuhusu nani atabaki naye: ukiwaambia ndugu "nisaidieni", kila mmoja atadhani umemwambia mwenzake. Mwite mmoja kwa jina, umpe siku na saa: "Jumamosi, saa nane hadi saa kumi na moja, kaa na mama." Aje mara mbili wewe ukiwepo, mama amzoee. Mwachie karatasi yenye dawa na saa zake, chakula anachokikubali, na wimbo unaomtuliza.