Asilimia bila muda ni bei bila kipimo: majibu ya barua zenu kuhusu habari za utafiti

Barua za mwezi huu zimenigusa. Wengi mmechoka na habari za utafiti zinazogeuka kila mwaka, au zisizorudi kabisa. Nimechagua tano.

Mwalimu, shikamoo. Mwaka 2011 nilisikia chanjo ya malaria inapunguza ugonjwa kwa zaidi ya nusu. Baadaye nikasikia ni kama theluthi tu. Nani alitudanganya? – Mama wa watoto watatu, Ipagala

Marahaba, mama. Hakuna aliyedanganya, ila kuna kitu hukuambiwa. Chanjo hiyo ni RTS,S. Ilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 15,000 katika nchi saba za Afrika, na kwetu vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Matokeo ya 2011 yalihusu watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakafuatiliwa mwaka mmoja baada ya dozi ya tatu: malaria ilipungua kwa karibu asilimia 56. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya mwisho ya watoto wa umri huohuo, safari hii wamefuatiliwa takriban miaka minne. Waliopata na dozi ya nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36.

Kinga hushuka kadiri siku zinavyokwenda, na namba ikashuka nayo. Kosa ni kutangaza asilimia bila kutaja muda. Ni sawa na kutaja bei ya mahindi Kibaigwa bila kusema ni ya debe au ya gunia. Na tafadhali usiidharau hiyo 36: pale mtoto anapougua malaria mara kadhaa kwa mwaka, hao ni wagonjwa wengi sana waliookolewa. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021.

Naishi jirani na visima vya Makutupora. Maji yanapimwa miaka nenda miaka rudi, lakini sijawahi kusikia "wamegundua". Wanapima nini? – Mzee wa Makutupora

Wanapima kina, mzee wangu. Utepe unashushwa kisimani mpaka uguse maji, mtu anasoma namba, anaandika na tarehe, anafunika kisima, anaondoka. Ukimtazama siku moja hutaona habari yoyote.

Lakini mwaka 2013 ilichapishwa rekodi ya visima hivyo hivyo vyenu, miaka 55 mfululizo. Ikaonyesha kwamba kwa miaka mingi maji yalikuwa yakishuka polepole, kisha yanapanda kwa kishindo katika misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, hasa ile ya El Niño ya 1997/98. Mvua ya kawaida inatuoteshea uwele na mtama, lakini hazina ya chini ya ardhi haiongezi sana. Kwa mji unaokua kama Dodoma, hilo ni jambo zito, na hakuna mwaka mmoja ambao ungeweza kulisema. Wamelisema wale walioandika namba miaka ya sitini bila kujua zitamfaa nani. Ninawaheshimu mno watu hao. Kwa hiyo ukisikia baada ya masika moja kwamba "maji ya ardhini yameongezeka", uliza: ukilinganisha na miaka mingapi?

Kwa nini wanaochimba mambo ya kale huku Kondoa hawamalizi? – Kijana wa Kolo

Kwa sababu udongo ukishachimbwa haurudi, na kilichotoka humo kinaweza kupimwa upya miaka mingi baadaye. Pango la Kisese II lilichimbwa mwaka 1956, maganda ya mayai ya mbuni yakahifadhiwa makumbusho. Vipimo vipya vya maganda hayo vilichapishwa mwaka 2018: shanga za kale zaidi zilizotengenezwa kwa maganda hayo zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Aliyeyatunza maganda hayo miaka yote hiyo alifanya utafiti pia.

Kwenye fizikia tunafundishwa "sigma tano". Mbona madaktari hawadai hivyo? – Mwanafunzi, UDOM

Mgonjwa hawezi kusubiri. Sigma tano maana yake ni kwamba bahati tupu ingetoa ishara kubwa kiasi hicho kwa nafasi ya takriban moja kati ya milioni 3.5. CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walifika hapo ndipo wakatangaza chembe ya Higgs, Julai 2012, makundi mawili kila moja na kifaa chake. Ila usiiabudu sigma. Septemba 2011 wanafizikia wengine walitangaza neutrino, chembe ndogo mno, zilizoonekana kuipita kasi ya mwanga, na sigma zao zilizidi tano. Kumbe kebo ya faiba haikuwa imekazwa sawasawa.

Walikuja watu wa utafiti, wakachukua mahindi ghalani kwangu na damu ya mwanangu, wakasema wanapima sumukuvu. Ni msimu wa pili sasa, kimya. – Mkulima, Chemba

Hasira yako ni halali kabisa. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hii ya ukungu. Utafiti wa nyota unaweza kusubiri jarida. Jibu la mahindi anayokula mtoto linatakiwa kufika kabla ghala halijaisha, na mtafiti asiyeleta mrejesho hajamaliza kazi.

Tafuta fomu ya ridhaa uliyotia saini. Nakala ni haki yako, na mle huwa kuna namba ya simu ya mtafiti mkuu na ya kamati ya maadili. Piga zote mbili. Kama huna nakala, nenda kwa mtendaji wa kijiji uombe kuona barua yao ya utambulisho, ina jina la mradi na la taasisi. Wakati unasubiri, anika mahindi juu ya turubai yakauke vizuri, kisha yachambue kwa mkono: punje zenye ukungu, zilizovunjika na zilizosinyaa toa zote. Kupika hakuimalizi sumu hiyo. Na hizo ulizotoa usimpe kuku wala ng'ombe.