Kabla ya kumnunulia mzazi dawa mpya, uliza utafiti ulimpima nani

Namtunza mama yangu hapa Buruburu, Nairobi. Ana presha na sukari, na umri wake umeshapita miaka sabini. Kwa hiyo habari za utafiti mpya kuhusu uzee hazikawii kunifikia. Shangazi atazituma kwenye grupu la familia, jirani atanisimamisha getini kunieleza, na kabla Jumapili haijaisha mtu ameshauliza kama mama amenunuliwa kidonge hicho. Nazipenda habari hizo na nazisoma zote. Ila sitoi hata shilingi kabla ya kujibiwa swali moja, na ningependa kila anayelea mzazi alishike: walimpima nani?

Chukua taurini. Mwili hujitengenezea kemikali hii, hupatikana pia katika nyama na samaki, na viwanda huitia kwenye vinywaji vya kuongeza nguvu. Juni 2023 kundi lililoongozwa na Vijay Yadav, akiwa Chuo Kikuu cha Columbia kule New York, lilichapisha katika jarida la Science kwamba taurini hupungua mwilini umri unaposonga, na kwamba panya waliopewa taurini waliishi asilimia 10 hadi 12 zaidi ya wenzao. Ujumbe uliozunguka kwetu ulisema tu kwamba dawa ya uzee imepatikana. Panya hawakutajwa popote. Juni 2025, katika jarida hilohilo, watafiti wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza uzee walitoa matokeo ya vipimo vya damu ya watu, tumbili na panya. Taurini kwa kawaida haikupungua umri uliposonga. Mara nyingi ilibaki palepale au ikapanda. Panya wa 2023 waliishi walivyoishi, hilo halijafutwa. Lakini dai kwamba wazee wetu wamepungukiwa na taurini halikupata nguvu kwa binadamu. Pesa ambazo zingeenda huko zilinunua mashine ya kupimia presha, nami nafurahi kila asubuhi ninapoiwasha.

Hata wakiwa wamepimwa watu, endelea kuuliza ni watu gani. Aspirini inaonyesha hili vizuri, maana mitaani kwetu wazee wengi huimeza kila siku kwa kuambiwa tu na rafiki. Jaribio la ASPREE, lililotoa matokeo 2018, liliwafuata wazee 19,114 wa Australia na Marekani, wengi wao wa miaka 70 na zaidi, ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo. Nusu walipewa miligramu 100 za aspirini kila siku. Baada ya karibu miaka mitano, aspirini haikuwa imewaongezea maisha yenye afya, na waliovuja damu vibaya walikuwa wengi zaidi upande wa aspirini. Kemia yake inaeleza kwa nini. Aspirini hufunga kimeng'enya (protini inayoendesha kazi za kemia) kilichomo ndani ya chembe za kugandisha damu, na chembe hizo haziwezi kutengeneza kingine, kwa hiyo hubaki zikishindwa kugandisha damu vizuri mpaka zife baada ya siku kadhaa. Kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, hiyo ni kinga, na akiwa ameandikiwa na daktari asithubutu kuiacha kwa sababu ya makala yangu. Kwa mzee ambaye hajawahi kupata ugonjwa wa moyo wala kiharusi, ni hatari anayojitwika bila faida.

Presha ndiyo hasa ninayotaka tuizungumzie, kwa sababu hapo utafiti wa miaka ya karibuni umeleta jambo kubwa kuliko kidonge chochote cha ujana. Jaribio la SPRINT la Marekani, 2015, liliwachukua watu 9,361 wenye miaka 50 na zaidi. Kundi moja lilitibiwa mpaka namba ya juu ishuke chini ya 120, lingine chini ya 140. Lilisimamishwa kabla ya wakati wake kwa sababu tofauti ilishaonekana: kundi la 120 lilipata matatizo makubwa ya moyo na mishipa kwa asilimia 25 pungufu. Niliposoma hivyo nilitaka kukimbilia kliniki. Kisha nikauliza swali langu, na jibu lilikuwa pale pale kwenye muhtasari: wenye sukari hawakuingizwa. Mama ana sukari. Ilibidi kusubiri hadi Novemba 2024, China ilipotoa matokeo ya jaribio la BPROAD, watu 12,821 wenye presha na sukari kama yeye. Lengo la 120 lilipunguza matatizo hayo kwa asilimia 21, ingawa waliopata presha ya kushuka mno, na potasiamu kupanda kwenye damu, waliongezeka. Hiyo ndiyo karatasi niliyompelekea daktari. Aliisoma, akamuuliza mama kama hupata kizunguzungu akiinuka kitandani, kisha akaamua kushusha polepole.

Sasa kuna jambo ambalo magazeti huliruka. Katika SPRINT mtu alikaa kimya dakika tano kabla ya mashine kuanza kumpima. Ile 120 ni namba ya mtu aliyetulia. Kwetu shosho anashuka matatu pale Jogoo Road, anapanda ngazi za kemisti akiwa na mfuko wa sukuma mkononi, anafungwa kitambaa cha mashine juu ya mkono wa sweta, na anaulizwa habari za wajukuu huku mashine ikivuma. Namba inayotoka hapo haiwezi kulinganishwa na ile ya jaribio, na kuna wazee wanaoongezewa dawa kwa namba kama hiyo.

Nyumbani tunafanya hivi. Mama anakwenda haja kwanza, na bado hajanywa chai. Anakaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote sakafuni, bila kuikunja moja juu ya nyingine. Redio inazimwa. Mkono wa gauni unakunjwa, kitambaa cha mashine kinafungwa juu ya ngozi, na mkono unawekwa mezani usawa wa moyo. Tunangoja dakika tano bila maongezi, na hapo ndipo pagumu, maana mama akikumbuka jambo lazima aliseme. Tunapima mara mbili kwa kupumzika dakika moja katikati, na namba zote mbili zinaingia kwenye daftari, pamoja na tarehe, saa, na kama amemeza dawa. Daftari hilo limemsaidia daktari kuliko maelezo yangu yote. Kama huna mashine, omba kukaa dakika tano pale kemisti kabla ya kupimwa. Wengi watakubali.

Kuhusu dawa zenyewe, lipo jaribio ambalo nashangaa halijulikani zaidi hapa kwetu. CREOLE, la 2019, liliwahusisha Waafrika 728 wenye presha katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Lililinganisha michanganyiko mitatu ya dawa mbili mbili. Ile miwili yenye amlodipini ilishusha presha vizuri zaidi kuliko ule usiokuwa nayo. Safari hii jibu la swali langu lilikuwa watu wetu wenyewe. Ukikuta mzazi yuko kwenye mchanganyiko mwingine usibadilishe chochote, kwa kuwa figo, sukari au moyo vinaweza kuwa ndiyo sababu. Muulize daktari tu kwa nini ameuchagua huo.

Na kuna chumvi. Mwaka 2021 jaribio la vijiji 600 vya China, lenye karibu watu 21,000, liliwapa nusu yao chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu badala ya kloridi ya sodiamu, ambayo ndiyo chumvi ya kawaida. Wote walikuwa wamewahi kupata kiharusi, au walikuwa wa miaka 60 na zaidi wenye presha mbaya. Kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa 12. Watu hao hupika nyumbani na chumvi huitia wenyewe kwenye sufuria, kama sisi. Sodiamu hushika maji mwilini, na potasiamu husaidia figo kuitoa. Lakini figo zikiwa dhaifu, potasiamu hubaki kwenye damu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa kwenye jaribio hilo, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa Januari 2025, nalo halikuwapendekezea chumvi hii.

Mama anameza dawa ya presha ambayo yenyewe hupandisha potasiamu, kwa hiyo daktari alitukatalia. Tunapima chumvi ya kawaida asubuhi, pungufu ya kijiko kidogo cha chai kwa kila mtu kwa siku nzima, na ikiisha imeisha. Kachumbari inapata ndimu na dhania. Wewe ukitaka kuijaribu hiyo ya potasiamu, omba kwanza kipimo cha damu cha figo na potasiamu, na umwonyeshe daktari kila kitu mzazi anachomeza, dawa za miti shamba zikiwemo.