Ukimpa mfungwa penseli, usimuulize kachora nini

Nimejitolea kuchorisha wafungwa kwa muda sasa na kosa langu la kwanza kabisa lilikuwa mdomo. Niliwaambia kila mtu ajichore mwenyewe, basi jamaa mmoja akachora kisogo tu, kichwa kimeelekea ukutani hakina uso, na mimi kwa kiherehere changu nikamwambia "usijione hivyo kaka, wewe ni mtu mzuri tu". Akaikunja karatasi akakaa kimya mpaka muda ukaisha.

Yaani mtu aliyefungwa ameshaambiwa yeye ni nani mara nyingi mno, polisi wamemwambia, hakimu kamwambia, ndugu zake pia, sa na wewe unakuja na maneno yako, hata yakiwa matamu bado ni ya kwako. Uzuri wa kuchora ni kwamba anasema kitu bila kukitamka, na akiona kasema sana anafuta. Kwa hiyo raba iwepo! Wembe na mkasi sahau, penseli zitahesabiwa kuingia na kutoka, ila raba ipiganie.

Kilichonisaidia sana ni kinyago cha karatasi. Nje anachora watu wanavyomuona, ndani anachora anavyojijua, na ndani haonyeshi mtu kama hataki. Nje wanamaliza fasta, macho mekundu, makovu, pingu, halafu ndani wanakaa saa nzima. Mmoja alichora mikono imeshika randa. Sikuuliza, nilisema tu "hii mikono umeichora taratibu kuliko vingine", akaanza kuongea mwenyewe.

Ndo hivyo, taja unachokiona kwenye karatasi, sio unachodhani kiko moyoni. Na punguza sifa, wakishajua unapenda maua utachorewa maua mpaka vifungo viishe.

Ila kujitolea sio kuwa mtaalamu wa tiba ya sanaa, ile ni fani ya kusomea (jina la Kiingereza la fani hiyo alilianzisha mchoraji Mwingereza Adrian Hill mwaka 1942, kuchora kulimsaidia alipolazwa kwa kifua kikuu). Mtu akichora kujidhuru usijifanye daktari, mfikishe kwa mshauri nasaha wa pale, na uwe umewaambia toka siku ya kwanza kwamba hilo hutalificha, la sivyo watakuona msaliti.

Yule wa kisogo alirudi. Wiki kama ya sita akaongeza sikio. Uso bado, na sijamuuliza.