Maswali ya Wasomaji: Sungura na Mbwa Uani

SWALI: Watoto wangu wameletewa sungura na mjomba wao kutoka Kasulu. Tuna mbwa wawili, dume wa miaka minne na mwanawe wa miezi minane. Mchana tunawafunga, usiku tunawafungulia walinde. Nifanyeje wazoeane bila sungura kuuawa?
– Mama, Ujiji

JIBU: Mama, anza na usiku. Mbwa anayezunguka banda hadi alfajiri si lazima alivunje ndipo sungura adhurike. Sungura akishtuka hurusha mateke kwa nguvu, na teke lake mwenyewe linaweza kumvunja uti wa mgongo. Wengine hufa kwa hofu tu. Kwa hiyo alale ndani, stoo au jikoni, mlango umefungwa. Banda la mchana liinue kama mita moja na ulizungushie wavu mgumu wa kuchomelewa. Wavu wa kuku, ule wa kusokotwa, humzuia kuku asitoke lakini haumzuii mbwa asiingie.

Mpe sungura wiki nzima ya kutulia bila kuwaona mbwa, mpaka ale vizuri na ajinyooshe anapolala. Wiki hiyo wabadilishie harufu: msugue sungura kwa kitambaa, ukiweke karibu na bakuli la mbwa wakati wa kula. Kitambaa ulichowasugua mbwa kiweke pembeni ya banda.

Kisha waonane, mbwa mmoja mmoja. Wakiwa wawili huchocheana. Anza na baba mtu: mtembeze achoke, mlishe, halafu umshike kwa kamba fupi mita nne kutoka bandani. Sungura abaki ndani, na awe na boksi la kujifichia; usimpakate mbele ya mbwa, maana akichomoka akakimbia, hata mbwa mpole atamfukuza. Mkononi uwe na dagaa wakavu wasio na chumvi, waliopepetwa mchanga. Kila mbwa akiacha kumtazama sungura akakugeukia wewe, mpe dagaa mmoja. Dakika tano zinatosha, mara mbili kwa siku. Wote wakitulia siku tatu mfululizo, sogea nusu mita.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Mbwa amekaa kimya, mdomo umefumba, masikio mbele, mwili umekakamaa, macho hayabanduki. Watu husema ametulia. Huyo anawinda. Mgeuze uondoke naye bila kumpiga, kwani akipigwa atamhusisha sungura na maumivu. Aliyetulia kweli hunusa chini, hulegea, hulala ubavu. Naye sungura akipiga mguu wa nyuma chini, au akijibana huku macho yamemtoka, mmesogea mno. Baada ya zoezi mpe majani. Akipitisha muda wa saa 12 bila kula, tumbo lake limeanza kuacha kusaga chakula. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Yule wa miezi minane asikutane na sungura bila wavu mpaka akue na atii akiitwa, kwa sababu mchezo wake tu unaua. Baba yake, baada ya wiki kadhaa za utulivu, anaweza kukaa uani na sungura, mbwa akiwa kwenye kamba na wewe upo. Kuwaacha peke yao, kamwe. Mbwa akimpuuza sungura umefaulu. Urafiki si lazima.

Majani usikate mahali mbwa wanapojisaidia, kwani mayai ya minyoo ya tegu humwingia sungura kwa njia hiyo. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye fipronil usimpake sungura hata tone: kwake ni sumu.

SWALI: Mbwa wangu ameshaua kuku wawili wa jirani. Naye atamzoea sungura?
– Msomaji, Gungu

JIBU: Usiwakutanishe. Aliyekwisha kuua ataendelea kujaribu, kwa hiyo watenganishe kwa mlango wa kudumu. Akimng'ata sungura, hata kama unaona kitundu kidogo tu, usisubiri kesho: jino hupenya ndani kuliko linavyoonekana, na kidonda huoza chini ya manyoya. Usikikande kwa spiriti. Kifunike kwa kitambaa safi, mweke sungura kwenye boksi lenye giza, umpeleke kwa daktari wa mifugo.