Akaunti yako sio beseni la kufulia hela za watu

Juzi kuna dada wa Chang'ombe hapa Dodoma kaniandikia inbox: "Kaka, hivi kutakatisha fedha ni nini hasa? Shemeji anataka kupitishia milioni nne kwenye akaunti yangu, ananiachia laki mbili."

Dada, USIKUBALI.

Kutakatisha ni kukifanya kitu kitakate. Hela ya wizi, rushwa au unga huwezi kuitumia hadharani, kwahiyo wanaiingiza kidogo kidogo benki au kwenye simu, inazungushwa akaunti hii na ile mpaka ilikotoka hapajulikani, halafu unashangaa imeibuka nyumba. Wazungu nao wanasema "kufua". Wengi watakwambia neno hilo limetokana na jambazi Al Capone na maduka yake ya kufulia nguo kule Chicago, stori tamu, ila yule alifungwa 1931 kwa kukwepa kodi. Magazetini lilishika kasi 1973 kwenye Watergate, ile skendo iliyomwangusha Rais Nixon wa Marekani, hela za kampeni yake zilikuwa zimepitishiwa Mexico. Marekani wakatunga sheria 1986, sisi 2006, na huku kwetu kosa hili halina dhamana, unasota ndani kesi ikiendelea.

Sasa mimi ni wakala wa miamala pale Majengo. Rafiki yangu kabisa, tumekua wote, alikuja mwezi wa tano anataka kupitishia mzigo kwenye laini yangu ya uwakala, eti hela ya zabibu za Hombolo. Mwezi wa tano! Zabibu zetu zinavunwa Februari, Machi, halafu tena Agosti, Septemba, we mtoto wa Dodoma unanidanganya mimi? Nikamuuliza nani kanunua, risiti iko wapi, akaanza kufoka eti siku hizi najiona. Nikakataa. Harusi ya dada yake sikupewa hata kadi, na mama yake nikimwamkia anaitikia kwa shida, inaniuma sana ila bora hivyo, maana aliyemkubalia saa hizi anaripoti polisi kila wiki, na hapo bado hajafikishwa mahakamani.

Kwahiyo vijana tuache tamaa, ulizeni hela imetoka wapi, tena ulizeni bila aibu, undugu sio risiti. Laini yako, kitambulisho chako, usimpe mtu.

Na huyo shemeji akianza "kwani huniamini?", mwambie aende benki na kitambulisho chake cha NIDA akafungue akaunti yake mwenyewe.