Kinga dhidi ya nini?

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Ahero, Kaunti ya Kisumu. Nikizunguka nyumba kwa nyumba kuwahimiza akina mama wapeleke watoto chanjo ya malaria, huwa wananitaka niwaeleze inavyofanya kazi. Karatasi tulizopewa zinataja "antijeni" na "kingamwili". Wenzangu wengine husema antijeni ni vijidudu, wengine husema ni adui, na kuna mmoja anayeshikilia kwamba antijeni na kingamwili ni kitu kimoja. Tuseme vipi? Mimi, ili kufupisha mambo, huwaambia tu kwamba chanjo inaboosti kinga ya mtoto.

JIBU: Dada, swali lako lilikuwa zuri mpaka sentensi ya mwisho. Nitakulipa deni lako kwanza, halafu turudi kwenye hiyo sentensi, maana nina ugomvi nayo wa siku nyingi.

Antijeni si kijidudu. Ni kitu ambacho mwili hukitambua juu ya kijidudu, mara nyingi kipande cha protini kwenye gamba lake. Ukiwa steji ya Ahero huhitaji kulikagua gari lote, injini na matairi, ndipo ujue linakwenda Kisumu au Kericho. Unasoma maandishi yaliyo mbele. Antijeni ndiyo maandishi, gari ni kijidudu. Kingamwili, kwa upande wake, ni protini inayotengenezwa na mwili wenyewe ili iende kunata kwenye antijeni hiyo. Huyo mwenzako anayesema ni kitu kimoja anachanganya mwizi na polisi, na kama unavyojua, kuna siku huwezi kumlaumu.

"Adui" silitaki pia. Antijeni iliyomo kwenye chanjo haimdhuru mtoto. Hata chavua ya maua na karanga zina antijeni, na zinaingia mwilini mwa watu wengi kila siku bila ugomvi wowote. Mama akisikia unamdunga mwanawe adui, atakufungia mlango, na atakuwa na haki.

Kuna mtego mwingine hapo ambao karatasi zenu hazikuuona. "Kingamwili" na "kinga ya mwili" zinatenganishwa na silabi moja tu. Ya kwanza ni hiyo protini. Ya pili ni hali nzima ya mwili kujilinda. Kwenye karatasi tofauti inaonekana, lakini mlangoni kwa mtu, mtoto akilia na kuku wakipita, haisikiki kabisa. Ukiwa huko sema "protini za kinga" na usonge mbele.

Sasa hiyo boosti.

Usidhani nalilia Kiswahili safi. Antijeni yenyewe tumeikopa, dozi tumeikopa, virusi vivyo hivyo, na sijakosa usingizi. Ningekubali hata "kuboosti" kama ungekuwa unazungumzia simu yenye mtandao hafifu. Kinachonikera ni kuiacha kinga peke yake, bila kitu inachokinga. Kitenzi "kukinga" ni cha Kibantu, cha kwetu kabisa, na tangu zamani kimedai kuambiwa mambo mawili: unamkinga nani, na unamkinga na nini. Mwavuli humkinga mtu na mvua. Baadaye tukapata "dhidi ya" kutoka Kiarabu, tukasema kinga dhidi ya surua, kinga dhidi ya pepopunda. Ukiondoa kipande hicho cha mwisho, umemwachia msikilizaji nusu ya sentensi, na nusu hiyo inauzika sana.

Nakuru, karibu na steji, kuna kibao nimekipita mara nyingi: DAWA MOTO. TANGAWIZI, NDIMU, ASALI. INABOOSTI KINGA. Kinywaji chenyewe ni kizuri, hasa asubuhi ile baridi ya Nakuru inapoingia mifupani, na sina neno nacho. Ni kibao. Siku moja nilimwuliza kijana muuzaji: kinga dhidi ya nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la babu yake wa tano. "Dhidi ya yote, mzee." Yote! Surua? Polio? Kichaa cha mbwa? Hebu tukichukue kibao kwa uzito kinachojidai nacho. Kinga ya surua inatokana na seli zilizoitambua surua, nazo hazina habari na pepopunda. Tangawizi haimwonyeshi mtu antijeni ya surua wala ya pepopunda, inamwonyesha tangawizi. Ndimu nayo hivyo hivyo. Na tuseme kwa muujiza kinga yote ipande kwa mkupuo, kama kibao kinavyoahidi. Mnywaji angeumwa. Mzio, ule tunaouita aleji, ni kinga inayokichachamalia kitu kisicho na madhara. Iko aina ya baridi yabisi ambayo ni kinga kushambulia viungo vya mwenyewe. Anayetaka "kinga zaidi" bila kusema dhidi ya nini, haombi afya.

Kwa hiyo sarufi na biolojia hapa zinasema neno moja, jambo ambalo halitokei mara nyingi. Mwilini mna seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili, nyingi mno, na kila moja imebeba kipokezi (sehemu ya kushikia antijeni) cha umbo lake, kilichotengenezwa hata kabla kijidudu hakijaonekana. Antijeni ikiingia, ni zile chache zinazoshikana nayo ndizo huamka. Zikipata msaada wa seli T, chembe nyeupe za aina nyingine, hugawanyika, zikaongezeka na kumwaga kingamwili. Mara ya kwanza kazi hiyo huchukua kama wiki moja hadi mbili. Baadhi ya seli hubaki kama kumbukumbu, ndiyo maana antijeni ileile ikirudi jibu huja upesi na kwa nguvu. Ileile, nasema.

Chanjo yako ya malaria ni mfano mzuri kuliko wote. Aina iitwayo RTS,S ilianza kutolewa Kenya Septemba 2019, uzinduzi ukifanyika Homa Bay, katika sehemu za kaunti 8 za magharibi, Kisumu ikiwemo. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa matumizi mapana Oktoba 2021. Ndani yake hamna kijidudu cha malaria, si hai wala kilichokufa. Mna kipande cha protini ya gamba la kijidudu kiitwacho Plasmodium falciparum, katika umbo lake lile la kutoka mdomoni mwa mbu kabla hakijafika ini, kimeunganishwa na protini ya virusi vya homa ya ini aina ya B. Mtoto huanza dozi akiwa na miezi 6, na anahitaji dozi 4 kwa sababu kinga hiyo hupungua. Nayo ni kinga pungufu tangu mwanzo: inazuia sehemu ya visa, haizuii vyote. Ukimwambia mama kwamba kinga "imeboostiwa", ataelewa kwamba neti sasa ni ya kufugia vifaranga.

Najua utakachonijibu. Mbona twasema "kinga ni bora kuliko tiba", na hatusemi dhidi ya nini? Hapo kinga ni kitendo cha kujihadhari. Na ile ya "kinga na kinga ndipo moto uwakapo" ni kijinga cha moto, ndugu wa mbali hata kwenye mazishi haji.

Penye UKIMWI nasalimu amri. Virusi vya UKIMWI huangamiza seli T ziitwazo CD4, wale wasaidizi niliowataja, ambazo husaidia karibu majibu yote ya kinga, kwa hivyo mtu akisema "kinga yangu imeshuka" anasema kweli bila kuongeza "dhidi ya". Ukanda wa ziwa umejifunza msemo huo kwa machungu, sitausahihisha. Ningependa tu "upungufu wa kinga" kuliko "ukosefu", maana anayemeza dawa zake vizuri hajakosa kinga. Herufi za kifupisho hazibadiliki, hata mabango hayahitaji kupakwa rangi upya.

Basi ukifika mlangoni, sema hivi: "Chanjo hii inauonyesha mwili wa mtoto alama ya kijidudu cha malaria, ili ujitengenezee kinga dhidi ya malaria kabla mbu hajakileta chenyewe. Inapunguza malaria, haiimalizi, kwa hiyo neti ibaki kitandani." Ni sentensi ndefu kuliko yako, lakini utaizoea njiani.

Antijeni iko ngeli ya I-ZI: antijeni hii, antijeni hizi. "Maantijeni" niliyoyaona kwenye nakala uliyonitumia, mrudishie aliyeyaandika.