Muulize Mwashi: Kanisa lenye sura ya bunge

SWALI: Shikamoo mzee. Nina picha mbili za Paris kwenye simu. Moja ni kanisa la La Madeleine, nyingine ni Palais Bourbon, jengo la Bunge la Ufaransa. Nguzo zilezile, pembetatu ileile juu ya nguzo. Kanisa halina hata mnara wa kengele. Nani alimwiga mwenzake? (Msomaji anayesomea uchoraji ramani)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujakosea kuchanganya, maana majengo hayo yamewekwa yatazamane. Simama katikati ya uwanja wa Concorde: ukigeuka kaskazini unaliona kanisa mwisho wa mtaa wa Royale, ukigeuka kusini unaliona bunge ng'ambo ya mto Seine. Aliyeyavika nguo za sare ni Napoleon, mtawala wa Ufaransa wakati huo. Mwaka 1806 aliamuru kwamba pale palipokuwa na kanisa lililokwama tangu Mapinduzi ya Ufaransa pajengwe hekalu la kulitukuza jeshi lake, kazi akapewa msanifu Pierre-Alexandre Vignon. Miaka hiyohiyo msanifu mwingine, Bernard Poyet, akabandika nguzo 12 mbele ya bunge. Neno "akabandika" nalitumia kwa makusudi. Ule ni uso tu. Jumba la nyuma yake ni la zamani zaidi na halikunyooka na daraja lililo mbele yake, basi nguzo zikauficha upogo huo. Nenda ukazunguke nyuma, utakuta nyumba nyingine kabisa.

Napoleon alipoanguka, hekalu la askari likarudishwa kuwa kanisa. Mwaka 1837 liliponea chupuchupu kufanywa stesheni ya treni! Liliwekwa wakfu mwaka 1842. Sasa unaona kwa nini halina mnara: nani angechora mnara wa kengele kwenye hekalu la askari?

Ila tatizo la kulivika kanisa umbo la hekalu ni la zamani kuliko Napoleon. Hekalu la Wagiriki na Warumi halikujengwa kwa ajili ya kukaa watu ndani. Madhabahu ilikuwa nje, watu walisimama nje, ndani kukabaki sanamu ya mungu na giza lake. Kanisa linataka kinyume chake: waumini waingie, waketi, waone kitabu cha nyimbo. La Madeleine ina nguzo 52 za mita 20 kila moja zinazolizunguka, na kuta zake hazina dirisha hata moja. Mwanga wote unashuka kutoka juu, kupitia makuba matatu. Mara ya kwanza nilipoingia nilitoka kwenye jua kali la saa sita mchana, nikagonga goti kwenye kiti kabla sijakiona. Kwa nje ni jengo la kuvuliwa kofia. Kwa ndani, mniwie radhi, mimi siwezi kulipenda.

SWALI: Mzee, hizo nguzo zinabeba mzigo kweli au ni pambo? Fundi mmoja kaniambia majengo ya mawe matupu hayakuhitaji chuma.

JIBU: Huyo fundi mpeleke kwenye jengo la Panthéon, Paris hukohuko. Jiwe hustahimili kukandamizwa, lakini halipendi kupindwa. Ukililaza juu ya nguzo mbili zilizoachana sana, linapasuka katikati. Wagiriki walijua hilo, ndiyo maana walisogeza nguzo karibu karibu. Jacques-Germain Soufflot, msanifu aliyeanza kuijenga Panthéon ikiwa kanisa la Mtakatifu Genevieve, alitaka nafasi pana na nguzo nyembamba. Akaficha vyuma ndani ya mawe, kama sisi tunavyoficha nondo ndani ya zege. Maji yakapenya, vyuma vikashika kutu, na chuma chenye kutu huvimba. Kikivimba ndani ya jiwe, jiwe ndilo linaloachia. Nyufa zilianza kulalamikiwa Soufflot mwenyewe akiwa hai, na katika karne ya 20 vipande vikawa vinadondoka kutoka juu. Yeye alifariki mwaka 1780, jengo halijaisha. Mwaka 1791 Mapinduzi yakaligeuza kaburi la watu mashuhuri, na madirisha aliyoyahangaikia kwa ajili ya mwanga yakazibwa kwa mawe.

Kuhusu pambo, mfano wangu ni kanisa la St Pancras la London, lililojengwa 1819 hadi 1822. Ubavuni lina sanamu za wanawake wanaobeba dari kwa vichwa, wameigwa kutoka hekalu la Erechtheion la Athens. Wale wa Athens ni marumaru na wanabeba kweli. Hawa wa London ni udongo wa kuchoma, wamevishwa vipande vipande juu ya nguzo za chuma, na mzigo uko kwenye chuma. Inasimuliwa kwamba walipofikishwa pale walikutwa warefu kupita nafasi, wakakatwa kipande cha kiunoni. Nimesimama chini yao na futi yangu ya kukunja mfukoni. Kupima sikuthubutu, lakini jicho la mwashi haliachi kuona: kifua kimeikaribia nyonga mno.

SWALI: Mbona majengo haya yote ni meupe?

JIBU: Kwa sababu mvua ilikuwa imefika kabla ya wasanifu. Mahekalu ya Wagiriki yalipakwa rangi, nyekundu na buluu, lakini wapimaji wa karne ya 18 walikuta jiwe tupu na wakadhani ndiyo heshima yenyewe. Msanifu Jakob Ignaz Hittorff alibisha. Kwenye kanisa lake la Saint-Vincent-de-Paul, Paris, vikawekwa ukumbini vibao vya jiwe la volkano vilivyochorwa kwa rangi kali na kuchomwa. Mwaka 1861 vikang'olewa, maana Adamu na Hawa walikuwa uchi. Ilipita karne nzima na ushei ndipo vikarudishwa ukutani.